Mzinga wa Kasuku

"Vyungu vyangu vimekukosea nini?" aliuliza Veneranda.

Bundala hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, amekibana chungu cha ugali katikati ya magoti, anakwangua masizi kwa kigae. Masizi yalidondokea kwenye kibuyu kilichopasuka. Vyungu vingine viwili alikwisha kuvimaliza. Vililala kando, matumbo yao mekundu kama siku vilipotoka sokoni.

Mbele yake kulikuwa na mzinga wa gogo la mninga. Baba yake aliuchonga kwa tezo zamani za Wajerumani, na tangu siku ile haukupata kukaa mtupu msimu hata mmoja. Kwenye mfuniko wa mbele Bundala alikuwa ametoboa tundu jipya, la kupita ngumi mbili.

"Bwana anataka niuchome ndani," alisema. "Hataki harufu ya nyuki."

"Basi uchome. Moto ule pale."

"Mzinga ukichomwa ndani nyuki hawaingii tena. Hata uupake nta mtungi mzima."

"Kwani unawapelekea nyuki au unawapelekea kasuku?"

"Kasuku. Lakini kasuku watamaliza kazi yao, na mimi nitaurudisha msituni."

"Msitu upi huo, Baba Josepha?"

Bundala alimimina maji kidogo kwenye masizi, akakoroga kwa kijiti, akachovya kitambaa. Aliingiza mkono kwenye tundu, akapaka ukutani mwa gogo mpaka kiwiko kilipopotea ndani. Zaidi ya hapo hakutaka. Kule ndani kabisa mti ulibaki kama ulivyokuwa: rangi ya asali iliyokaa, umelainishwa kwa nta na gundi ya nyuki ya zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa ameukwangua na kuusugua kwa majani, basi. Alipoweka pua, bado ulinukia.

"Na akigundua?"

"Ataingiza kidole, kidole kitatoka cheusi. Mzungu akishaona kidole cheusi anakwenda kuandika."

Veneranda alichukua chungu kimoja, akakigeuza, akakitazama tumbo. "Umevisugua vizuri kuliko ninavyosugua mimi," alisema. "Sijui kama nicheke."

Miaka mitatu nyuma serikali iliwaondoa watu wote wa upande wa msitu, kule nyuma ya Usinge, kwa ajili ya mbung'o na malale. Waliambiwa wabebe wanachoweza. Bundala alibeba mzinga mmoja kichwani, huu wa baba. Arobaini na saba aliiacha juu ya miti, ina nyuki, ina asali. Kwenye makazi mapya miti ilikuwa imefyekwa yote ili mbung'o wasipate kivuli, na mahali pasipo miti mtu wa nyuki ni kibarua kama kibarua mwingine. Msitu ukafungwa. Wachache walipewa kibali cha kuingia kurina, karatasi ndogo yenye mhuri. Asiye na karatasi akikutwa na askari wa msitu alikwenda jela. Bundala aliomba mara nne. Mara ya nne karani alimkatalia bila kuacha kunywa chai.

Na mzinga haungoji. Kamba za magome zinaoza. Nondo wanaingia, siafu wanaingia, nyegere anapanda na kuuangusha. Mwaka wa kwanza unapoteza michache, wa pili nusu ya yote. Ukipita wa tatu hujaikanyaga ile njia, usijisumbue tena kwenda. Huu ulikuwa wa tatu.

Kwa kukosa msitu alikuja mjini Tabora, akapanga chumba Gongoni, akachukua kazi ya kulisha ndege wa Bwana Pelham.

Bwana Pelham alikuwa mpima ardhi. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa kuwa alitembeza vibarua porini wakivuta kamba ya chuma. Kabla ya kuja Tabora alikuwa akipima nchi ya Brazili, na huko alipata kasuku wawili, dume na jike. Si wale wa kijivu waliokuwa wakiletwa mjini tangu zamani za misafara kutoka Manyema. Hawa walikuwa wa buluu. Mgongo na mkia mrefu buluu iliyokolea, kichwa kama kimepakwa majivu, jicho jeupe lenye kukutazama moja kwa moja mpaka wewe ndiye uangalie pembeni. Aliwajengea kizimba cha wavu nyuma ya nyumba, kirefu, cha kuweza kuruka ndani yake.

Jioni Bwana alikaa kwenye kiti cha turubai na daftari lake gotini. Akishakunywa kidogo alipenda kueleza, na hapakuwa na mwingine wa kumweleza ila Bundala.

"Nchi yao kavu," alisema. "Miiba mitupu. Kama Usinge mwezi wa tisa. Iko mito, lakini mito ya mvua tu. Kando ya mito hiyo iko miti mirefu, mizee, ina matundu. Huyu ndege anakaa hapo tu. Hataki mti mwingine. Tundu moja, mume na mke, mwaka kwa mwaka. Wakifa, wengine wanaingia tundu lilelile."

"Kama mzinga mzuri," Bundala alisema.

"Watu wanakata miti. Mbuzi wanakula miche, basi mti mzee ukianguka hakuna mti kijana. Halafu wategaji wanajua kila tundu lilipo. Mimi nilitafuta miezi minne. Niliona saba. Hawa wawili nilinunua."

Bundala aliona kwamba hesabu hiyo ingetakiwa kumalizika kwa watano waliobaki kule Brazili.

Alijua mambo yao kwa kuishi karibu nao. Alijua kwamba dume ndiye mlinzi: hukaa juu kabisa, na akiona kitu hupiga kelele na kuruka upande mwingine ili adui amfuate yeye. Alijua jike hapendi kutazamwa anapokula. Alijua pia kwamba kwa miaka miwili hawakutaga, na alijua sababu, ila alingoja kuulizwa. Mwishoni alichoka kungoja.

"Bwana, hilo sanduku la mbao halina giza la kutosha. Na mbao inasema. Ukiigusa inasema. Ndege wa tundu anataka mti mzima."

Bwana Pelham aliacha kuandika. "Una mti mzima?"

"Nina mzinga."

Bwana alimtazama, akaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika. "Mzinga," alisema polepole. "Ndiyo. Ndiyo! Lete. Lakini choma ndani, sikia? Nyuki nisione. Hakuna mtu aliyepata kinda la ndege hawa nje ya Brazili. Hakuna. Kinda likiruka, Bundala, unataka nini?"

Bundala hakufikiri hata kidogo. "Kibali cha msitu."

"Kibali tu? Anayetia sahihi anakula kwangu kila Jumamosi. Kinda likiruka kutoka kwenye mzinga, unapata kibali. Neno langu."

Mzinga ulitundikwa kizimbani siku ya pili ya mvua za kwanza. Bwana aliingiza kidole, kidole kikatoka cheusi, akaenda kuandika.

Omari mpishi alikuja kutazama, ameshika mwiko. Alikuwa Mzaramo aliyefika na reli akasahau kurudi, na kwa sababu ya utani wa makabila yao alijiona ana ruhusa ya kumsema Bundala apendavyo.

"Mnyamwezi, we! Wenzako wanawajengea wake zao nyumba, wewe unawajengea kasuku."

"Hawa wanalipa kodi kwa wakati, si kama Mzaramo."

"Na wakikaa humo, mayai nani atarina? Utawavukizia moshi wahame?"

"Nikirina nitakuletea makapi, si ndiyo mliyozoea pwani?"

Omari alicheka mpaka akajipiga mwiko pajani. Lakini wiki ya tatu, jike alipoingia ndani ya mzinga na kutokea mkia tu, kisha mkia nao ukapotea, ni Omari aliyekuja mbio Gongoni kumwita, huku vitunguu vinaungua jikoni.

Mayai yalikuwa matatu. Mawili hayakuwa na kitu. La tatu lilianguliwa siku chache baada ya mwaka mpya, kitu cha uchi chenye macho yaliyofumba, kizito cha kichwa, kibaya kuliko chochote Bundala alichopata kukiona. Bwana alilipima kila Jumatatu kwa mizani ya dawa. Alikuwa amehesabu kwenye daftari: kinda litaruka baada ya siku sabini.

Bundala alianza kusuka kamba. Kila jioni alikaa mlangoni Gongoni na magome yaliyolowekwa, anasokota kamba za kutundikia mizinga, mapajani pake, taratibu, na Veneranda alimtazama. Siku moja alimkuta mkewe naye anasokota. Siku ya arobaini rundo lilikuwa limefika kiunoni.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Bwana Pelham alikuwa safarini upande wa Kaliua na vibarua wake, angerudi Jumanne. Bundala alikuwa akibadilisha maji alipoona nyuki mmoja kwenye mdomo wa mzinga.

Nyuki akija kunywa maji anakuja kwa haraka na kuondoka kwa haraka. Huyu hakuwa na haraka. Alitembea kuzunguka tundu lote. Akaingia kidogo. Akatoka, akasimama hewani mbele ya tundu, uso kwa uso nalo, anapepea kulia na kushoto, kama mtu anayekariri nyumba ya mwenyeji ili asiikose atakaporudi na wenzake.

Bundala alinyanyua macho kuelekea mashariki, kwenye miti ya muba iliyokuwa nyuma ya ukuta wa Bwana. Ilikuwa imeanza kuchanua. Kila mtu wa nyuki anajua kwamba muba ikichanua makundi yanahama. Yeye alikuwa ameijua habari hiyo kabla ya kujua kuhesabu, na kwa miezi mitatu alikuwa ametazama daftari la Bwana akaacha kutazama miti.

Alimuua yule nyuki kwa vidole viwili, kabla hajarudi kusema. Baada ya muda mfupi wakaja wawili. Akawaua. Akakaa kizimbani mpaka giza lilipoingia na nyuki wakaacha kuruka.

"Mpelekee Bwana habari," Veneranda alisema. "Kaliua si Ulaya. Mtu wa treni atafika kesho."

"Nimwambie nini? Kwamba harufu iko palepale?"

"Mwambie."

"Mwanamke, nikimwambia, kibali kimekufa."

"Na kinda likifa?"

"Halifi. Nitawahamisha nyuki njia."

Jumamosi alfajiri alikwenda kuazima mzinga wa gome kwa mzee mmoja wa njia ya Ulyankulu. Aliuvukizia, akaupaka nta mpya ndani na nje, akaupaka mpaka ukang'aa, akautundika kwenye muba mkubwa nyuma ya ukuta, palipo na upepo mzuri. Hiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya vizuri. Nyuki wapelelezi waliujia. Aliwaona wakiingia na kutoka, ishirini, thelathini, na moyo wake ukatulia kidogo. Kwenye mzinga wa kasuku waliendelea kuja mmojammoja, naye aliwaua mmojammoja. Dume alikaa juu akimtazama. Hakupiga kelele tena kwa ajili ya Bundala, alikwisha kumzoea.

Nyuki walifika Jumapili saa sita mchana. Bundala alikuwa hapohapo. Hilo ndilo lililomuuma baadaye: kama angekuwa kanisani na mkewe, angekuwa na la kujitetea.

Kwanza alisikia sauti, kisha akaona wingu la rangi ya kahawia likivuka ukuta. Lilifika kwenye muba, likauzunguka ule mzinga wa gome, na kwa kitambo kidogo alidhani amefaulu. Alisema kwa sauti, "Ingieni. Ingieni, mama zangu." Kisha wingu likanyanyuka, likapita juu ya kichwa chake, likapenya kwenye wavu kana kwamba wavu haupo. Walikuwa wameonyeshwa nyumba mbili wakachagua iliyo nzuri. Angekuwa nyuki, naye angechagua ileile.

Dume alipiga kelele na kurukia mwisho wa kizimba, akapiga kelele tena, akarudi, akarukia tena kulekule. Alikuwa akifanya kazi yake yote. Hakuna nyuki aliyemfuata.

"Moshi!" Omari alipiga kelele kutoka mlango wa jikoni, amejifunika gunia kichwani. "Bundala, nikuletee moto?"

"Usilete! Kinda litakufa kwa moshi!"

"Litakufa kwa nini basi?"

Bundala alifungua kizimba akaingia, mikono mitupu. Alikata kamba za mfuniko wa nyuma, akaung'oa, akaingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto na mvumo. Jike alikuwa amelala juu ya kinda, mabawa ameyatandaza kutoka ukuta mpaka ukuta, na mkono ulipomgusa aliuma. Aliuma kidole cha shahada mpaka mfupa, akakishikilia. Kwa jike yule, mkono huo ulikuwa adui mmoja zaidi, na hakukosea sana. Bundala hakuutoa. Nyuki walikuwa wakimchoma usoni, shingoni, ndani ya masikio, na yeye alivuta polepole, kwa sababu akivuta kwa nguvu angelivunja kinda.

Alitoka na wote wawili kifuani, akakimbilia jikoni, Omari akafunga mlango. Jike alikuwa angali amekiuma kidole. Mdomo ulifunguka wenyewe baada ya muda, na hapo wakajua kwamba amekufa. Kinda liliishi kidogo zaidi. Manyoya ya buluu yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kutoboa ngozi, kama sindano.

Omari alitia maji kwenye kijiko. Halikunywa. Alikaa na kijiko mkononi, kisha akasema tu, "Pole, mtani."

Bwana Pelham alirudi Jumanne. Hakupiga kelele, na Bundala, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba hata anaona kwa mwanya mdogo, aliona afadhali angepiga. Bwana aliwalaza ndege juu ya meza ya kulia. Alipima mabawa kwa rula, alipima mkia. Alifungua daftari.

"Saa ngapi waliingia?"

"Saa sita, Bwana."

"Kutoka kuingia mpaka jike anakufa, dakika ngapi?"

"Sina saa, Bwana. Kama kusali Baba Yetu mara tatu."

Bwana aliandika. "Jike hakutaka kutoka?"

"Hakutaka. Njia ilikuwapo. Nilifungua nyuma, angeweza kutoka. Alikaa."

"Wapelelezi ulianza kuona lini? Wanafanya nini kwanza?"

Bundala alieleza yote. Alieleza nyuki anavyotembea kuzunguka tundu, anavyosimama hewani, anavyorudi na wawili. Alieleza habari ya muba, na kwa nini kundi huchagua tundu kavu lenye nta ya zamani. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kwa kuwa kila alipojibu Bwana aliandika, na kila Bwana alipoandika uso wake ulilegea kidogo, na Bundala aliuona ule uso ukilegea akadhani kwamba kuna kitu kinalipwa. Karatasi nne zilijaa. Bwana alisema jambo hilo halijaandikwa na mtu yeyote. Alisema kwa furaha kidogo, kisha akakumbuka ndege walioko mezani akafunga daftari.

Kisha alichukua taa ya betri, akaenda kizimbani. Kundi lilikuwa limeshafukuzwa na moshi wa Omari jana yake. Bwana aliinama, akamulika ndani ya mzinga kupitia nyuma, kule ambako mkono wenye masizi haukufika. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Ulisema ulichoma."

"Nilisema, Bwana."

"Hujachoma."

"Ulikuwa wa baba yangu."

Bwana Pelham alizima taa. Alifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Bwana," Bundala alisema. Alijua haukuwa wakati wake, lakini wakati wake ungekuwa lini? "Ile habari ya kibali. Mwaka huu ndio wa mwisho. Ukipita huu, mizinga yangu yote..."

"Nilisema nini? Sema."

"Kinda likiruka."

"Kinda limeruka?"

"Hapana, Bwana."

"Basi. Mimi mtu wa neno langu, Bundala. Wewe siyo."

Alianza kuondoka, akageuka. "Huo mzinga uchome. Sasa, mimi nikiona."

Bundala aliuchoma. Alikusanya majani makavu, akayasukuma ndani, akawasha, na mzinga uliolishwa nta miaka thelathini haukuhitaji mafuta. Uliwaka kwa moto wa njano, wenye harufu nzuri ambayo ilifika hadi barabarani, na watu waliopita walinusa wakauliza ni nani anayeyeyusha nta. Bwana alitazama mpaka ukapasuka katikati. Kisha akaingia ndani kuandika.

Hakumfukuza kazi. Ilikuja kujulikana sababu baada ya siku mbili: dume alikataa chakula. Omari alimpelekea mbegu, karanga, papai. Bwana mwenyewe alijaribu, akiongea Kibrazili. Dume alikaa juu kabisa, amewapa mgongo, manyoya yamemsimama. Siku ya tatu Bundala alipoingia, alishuka.

"Kazi imepatikana," Veneranda alisema alipoambiwa. Alikuwa akiuza zile kamba kwa mafungu, mlangoni. "Yaya wa mjane."

Mwezi wa tano wenye vibali walianza kurudi kutoka msituni. Walipita barabara ya nyuma ya nyumba ya Bwana Pelham, wakielekea sokoni, wamebeba madebe ya asali kichwani na viatu vyao mikononi. Bundala alikuwa kizimbani akifagia maganda. Mmoja alimtambua kwenye wavu, mtu wa kwao, Anselm.

"Habari za mjini, ndugu!"

"Salama. Habari za huko?"

Anselm alisimama, debe kichwani. Alipunguza sauti. "Nilipita kwako. Upande wa kijito."

"Iko mingapi?"

"Ah." Anselm alitazama chini, kadiri debe lilivyomruhusu. "Kamba zimeoza, ndugu yangu. Mingi iko chini. Miwili mitatu nilisikia bado inavuma. Sikuigusa. Si yangu."

"Ungerina."

"Si yangu," Anselm alirudia, akaaga, akawafuata wenzake.

Bundala aliweka ufagio ukutani. Kidole cha shahada kilikuwa kimepona vibaya, hakikunjiki tena. Dume alishuka kutoka juu, jiti kwa jiti, akatua kwenye mkono wake. Alimkodolea lile jicho jeupe. Kisha akaanza kutikisa kichwa juu na chini, koo linapanda na kushuka, jambo ambalo Bundala hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu. Hivyo ndivyo dume wa ndege hawa anavyomlisha jike wake anapolalia, akifikiri kwamba hapana anayetazama.

Bundala hakujua afanye nini. Alifungua kiganja. Dume aliinamisha mdomo wake mweusi kwa uangalifu, akaweka pale rojo la karanga alizozitafuna, zenye joto, akarudi nyuma hatua moja juu ya mkono, akangoja aone kama atakula.